Kumrudisha mtoto shule baada ya saratani: mwongozo kamili kwa mzazi na mwalimu

Juni ile nilikwenda shuleni kuomba madaftari ya mwanangu, apate cha kusoma wodini. Mwalimu wa zamu alifungua daftari la mahudhurio la darasa la tatu, akapitisha kidole kwenye majina, kidole kikasimama. Jina la mwanangu lilikuwa limekatwa kwa kalamu nyekundu na pembeni pameandikwa neno moja: mtoro. Mwanangu alikuwa Muhimbili tangu Machi, dripu mkononi, akitibiwa saratani ya damu. Sisi hatukuwa tumeiambia shule kitu, na shule haikuwa imeuliza.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa kuhakikisha kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau watoto 60 kati ya kila 100 wenye saratani wanapona. Katika nchi tajiri tayari wanapona zaidi ya 80. Kwetu safari bado ni ndefu, lakini hospitali za Muhimbili (Dar es Salaam), Bugando (Mwanza) na KCMC (Moshi) zinatibu watoto hawa, na wanaomaliza dozi wanarudi kwao, wengine mkoa wa mbali kabisa, wanakuta sare imewabana na wenzao wako kurasa 100 mbele. Mzazi anaporuhusiwa kutoka hospitali hupewa dawa na tarehe ya kliniki. Habari ya shule anajitafutia mwenyewe. Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuyapitia, na mengi yatamfaa pia mzazi ambaye mtoto wake ametoka kwenye upasuaji wa moyo au ugonjwa mwingine wa kulazwa muda mrefu.

Kabla hajatoka wodini

Anza na barua. Ugonjwa ukishajulikana tu, mwombe daktari au ofisa ustawi wa jamii wa hospitali akuandikie barua yenye mhuri kwenda kwa mwalimu mkuu: mtoto amelazwa, matibabu ni ya muda mrefu, atakuwa akikosa masomo kwa vipindi. Kama hutaki jina la ugonjwa litajwe, sema lisitajwe. Toa nakala, aliyepokea akutilie sahihi kwenye yako, uitunze. Ukiwa mbali, piga picha utume kwa simu ya mwalimu, na karatasi yenyewe ndugu aipeleke kwa mkono. Shuleni kwetu mwanafunzi asiyeonekana siku 90 mfululizo bila taarifa anahesabiwa ameacha shule, na matibabu ya saratani huzipita siku hizo upesi sana.

Kama jina limeshafutwa, usiondoke na machozi kama nilivyoondoka mimi. Tangu Novemba 2021 kuna waraka wa Wizara ya Elimu unaoruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurejea shuleni. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua ya hospitali. Akisita, mwone ofisa elimu kata. Uliza pia namba ya PREM ya mtoto, yaani namba yake ya usajili wa mwanafunzi, uiandike mahali salama, maana ndiyo inayobeba kumbukumbu zake hata mkilazimika kuhamia shule iliyo karibu na hospitali.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna ofisi inayolishughulikia: mtoto asisahaulike darasani. Tuliporekebisha lile la daftari, mwalimu wake wa darasa aliwaambia wanafunzi wamwandikie mwenzao. Barua zilikuja kwenye bahasha ya kaki, nyingine zina mistari miwili tu, nyingine zina picha za magari. Rafiki yake waliyekuwa wakikaa dawati moja aliandika, “Sijamruhusu mtu kukaa nafasi yako. Nimeweka begi langu.” Mwanangu aliilaza barua ile chini ya mto mpaka karatasi ikachanika mikunjoni. Nimeona dawa nyingi zikiingia kwenye mshipa wake, lakini siku ile ndiyo aliyouliza kwa mara ya kwanza tangu alazwe, “Mama, tunarudi lini?”

Kuhusu masomo yenyewe wodini, usijitwishe mzigo. Muhimbili watoto wanapata michezo na masomo kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha. Mahali pengine itabidi ufanye mwenyewe: dakika 20 siku za nafuu, kusoma kwa sauti, jedwali la kuzidisha. Siku ya kutapika, weka vitabu pembeni.

Maswali ya kumpelekea daktari

Wazazi wengi hungoja dawa ziishe kabisa ndipo wafikirie shule. Kwa aina ya saratani ya damu inayowapata zaidi watoto, hiyo ni kusubiri miaka 2 hadi 3. Miezi ya mwanzo ndiyo mikali, mtoto anakaa hospitali zaidi kuliko nyumbani. Baada yake huja kipindi kirefu cha vidonge vya nyumbani na kliniki, na kwenye kipindi hicho wengi huruhusiwa kuhudhuria shule kama damu inakwenda vizuri. Kwa saratani ya Burkitt, ule uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza nchini Uganda mwaka 1958, matibabu ni ya miezi, na mtoto anaweza kukosa muhula mmoja au miwili tu. Usisubiri nywele ziote. Zitaota, kwa kawaida ndani ya miezi michache baada ya dawa kali kwisha, lakini miezi hiyo ni mingi kwa mtoto aliye nyumbani peke yake akitazama wenzake wakipita na mabegi.

Siku ya kliniki nenda na maswali yameandikwa. Chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, zimefika kiasi gani, na ni kiasi gani kinachomzuia kukaa darasani na watoto 70? Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinatosha acheze? Dawa zipi anaendelea nazo, saa ngapi, na zitamfanyaje akiwa darasani? Chanjo zipi hapaswi kupewa? Nani wa kumpigia simu usiku?

Suala la chanjo lina uzito kwetu kwa sababu timu za afya huja shuleni bila mzazi kujua. Mtoto aliye kwenye tibakemikali, yaani zile dawa kali za saratani, hapewi chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na rubela au matone ya polio, mpaka daktari wake aseme muda umefika, na mara nyingi ni miezi kadhaa baada ya dawa kwisha. Hata dawa za minyoo na kichocho zinazogawiwa darasani, ulizia kwanza hospitali. Mwalimu lazima alijue hili kabla gari la afya halijaingia getini.

Kikao na walimu

Omba kikao cha nusu saa na mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na yule anayeshughulikia malezi na unasihi. Nenda na mwenza wako au shangazi wa mtoto, usiende peke yako. Kuna mambo utaulizwa yatakukaba koo. Kaa nao siku chache kabla mtoto hajaanza, siyo asubuhi ya siku ya kwanza mlangoni.

La kwanza kulisema ni kwamba saratani haiambukizi. Lirudie. Nimeshuhudia mtoto akinyweshwa uji kwa kikombe kilichowekwa alama ya rangi, na aliyeweka alama alikuwa mtu mzima mwenye kisomo chake. Hatari inakuja kwa upande wa pili: mtoto wetu ndiye anayeweza kudhurika kwa mafua na kuhara kwa wenzake. Kikombe chake mwenyewe na maji yaliyochemshwa ni kwa ajili ya kumlinda yeye, na walimu wakilielewa hilo hata sauti yao inabadilika wanapomwita.

Kisha wape karatasi moja, ukurasa mmoja, yenye namba zako mbili za simu na mambo haya yaliyoandikwa kwa herufi kubwa:

Homa ya nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Mzazi aitwe papo hapo. Mtoto asilazwe ofisini kusubiri kengele ya mwisho, na asipewe dawa ya kushusha homa ili aonekane nafuu, kwa sababu mwenye chembe nyeupe chache anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache.

Akitokea mwenye surua au tetekuwanga darasani, mzazi aambiwe siku hiyo hiyo. Kuna kinga ambazo hospitali inaweza kumpa mtoto aliyekaa karibu na mgonjwa, na zinafanya kazi zikiwahiwa ndani ya siku chache za mwanzo.

Damu ya pua isiyokoma baada ya kubanwa dakika 10, au kugonga kichwa: mzazi aitwe.

Asichapwe. Sema wazi, usione haya. Mtoto mwenye chembe sahani pungufu anaweza kuvuja damu kwa pigo ambalo kwa mwingine lingeacha alama ya siku moja.

Asibebeshwe ndoo ya maji, asifagie penye vumbi, na asisimamishwe juani wakati wa gwaride la asubuhi. Baadhi ya dawa, methotrekseti mojawapo, huifanya ngozi iungue na jua upesi. Kofia au kitambaa cha kichwa aruhusiwe hata ndani ya darasa.

Aruhusiwe kwenda chooni na kunywa maji bila kuomba mara mbili.

Kama mtoto yuko darasa la nne au la saba, kidato cha pili au cha nne, ulizeni mapema habari za mitihani ya kitaifa. Baraza la Mitihani lina utaratibu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kama muda wa nyongeza na karatasi zenye maandishi makubwa, lakini maombi hupitia kwa mkuu wa shule, na yanahitaji uthibitisho wa daktari. Wiki ya mtihani mmeshachelewa.

Wenzake darasani

Muulize mtoto kwanza. Kuna anayetaka darasa zima lielezwe naye akiwepo, kuna anayetaka waelezwe siku moja kabla, kuna asiyetaka neno. Mwanangu alitaka waelezwe yeye hayupo, ila niwaambie mimi na siyo mwalimu, “kwa sababu mwalimu atawafanya wanihurumie.”

Nilisimama mbele yao nikatumia maneno ya kawaida. Niliwaambia damu ina askari wanaopigana na magonjwa, na kwenye damu ya mwenzenu askari wabovu walizaliwa wengi wakawajazia nafasi wazuri. Dawa ya kuwaondoa ni kali, ndiyo iliyoondoa nywele na kumvimbisha uso. Ugonjwa huu haumwambukizi mtu. Hakuna aliyemfanyia kitu. Hilo la mwisho liseme hata kama hujaulizwa, maana nyumbani wameshasikia neno kurogwa.

Watoto waliuliza maswali ambayo watu wazima huyameza. Je, atakufa? Nilijibu kwamba madaktari wanamtibu ili apone na dawa zinafanya kazi. Anaumwa sasa hivi? Anaruhusiwa kugombana? Hapo darasa likacheka na mimi nikacheka, nikawaambia agombane kwa mdomo tu. Akirudi kesho msimguse kichwa bila ruhusa, msimwite bonge, na mkiwa na mafua kaeni dawati la mbali.

Usiwaache ndugu zake. Dada yake mwanangu alikuwa shule hiyo hiyo, na kwa miezi kila mtu alimsimamisha kumuuliza habari za kaka, hakuna aliyemuuliza habari zake. Mwalimu wake naye aambiwe.

Wiki za mwanzo

Mwanzishe Jumatano au Alhamisi, siyo Jumatatu. Wiki fupi inampa pumziko kabla hajachoka kupita kiasi. Wiki mbili za kwanza arudi nyumbani saa nne au saa tano, baada ya mapumziko, ili aonje darasa na uwanja. Ongeza saa kadiri anavyomudu. Uchovu wa ugonjwa huu haulingani na uchovu wa mchezo. Humjia ghafla, anasinzia juu ya daftari, na akichapuliwa kwa maneno analia.

Daladala iliyojaa asubuhi iepuke kama unaweza. Tulipanga nyumba tatu za jirani kushirikiana bajaji moja, na siku pesa ilipokosekana mtoto alichelewa makusudi, akapanda saa mbili na nusu abiria wakiwa wachache. Mwalimu alikuwa anajua.

Siku za prednisoloni, mojawapo ya vidonge vya matibabu, mpe mwalimu tarehe zake. Kwa mwanangu zilikuwa siku tano kila mwezi, na siku hizo alikuwa na njaa isiyoshibishwa na hasira isiyo na sababu. Mwalimu alimruhusu kula kiazi saa mbili asubuhi, na ugomvi wa darasani ukapungua nusu.

Ijumaa ya wiki ya pili niliitwa: mtoto hamalizi kunakili. Nikaomba kukaa nyuma ya darasa. Kabla hajamaliza kuandika tarehe, penseli ilimwanguka mara tatu. Kila mara aliiokota kwa mkono wa kushoto, akaichomeka katikati ya vidole vya kulia, akavikunja kimoja kimoja kama anayefunga mkono wa mtu mwingine. Ilikuwa kazi ya vinkristini, dawa inayodhoofisha neva za mikono na miguu. Nyumbani nilikuwa sijaona kwa sababu nyumbani nilikuwa namkatia nyama mimi, namfungia vifungo mimi. Mwalimu alitoka nje, akarudi na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakata ukanda mwembamba akauzungushia ile penseli mpaka ikawa nene kama kidole gumba. Mwanangu aliandika mstari mzima.

Kile ambacho dawa huacha nyuma

Hapa ndipo walimu wengi hukosea bila kujua, kwa kuwa mtoto ameshanenepa, nywele zimerudi, na kila mtu anaamini yamekwisha.

Vinkristini hiyo hiyo inaweza kumfanya aburute mguu na kujikwaa. Mnunulie viatu vya kufunga, kandambili zitamwangusha. Angalia choo cha shule: miguu iliyodhoofika haimudu kuchuchumaa, na mtoto atabana haja siku nzima kuliko kusema. Rafiki mmoja wa kumsindikiza na kamba au mti wa kushika ukutani vinatosha. Kwa wengi hali hii hupungua miezi kadri inavyopita.

Sisplatini, inayotumika kwenye baadhi ya uvimbe wa ini na mifupa, inaweza kuharibu usikivu wa sauti nyembamba. Mtoto anasikia mtu akiongea lakini s, f na sh zinampotea: mwalimu anasema “sita,” yeye anasikia “ita.” Atajibu visivyo na kuonekana mjeuri. Apimwe masikio, akae mbele, mwalimu asiongee akiwa ameupa mgongo darasa.

Aliyetolewa jicho moja kwa saratani ya macho akae upande ambao jicho zima linaona darasa. Likiwa limetolewa la kulia, akae kulia kabisa. Jicho lililobaki alilinde kwa miwani imara anapocheza. Aliyetolewa figo moja anywe maji ya kutosha, na michezo ya kugongana daktari aitolee kauli.

La kichwa ndilo gumu, kwa sababu huchelewa kuonekana. Mionzi ya kichwa, na dawa zinazopitishwa kwenye maji ya uti wa mgongo, zinaweza kupunguza kasi ya kufikiri, umakini na kumbukumbu ya muda mfupi, wakati mwingine mwaka au zaidi baada ya matibabu, na Hisabati huumia kuliko somo jingine. Mtoto anaelewa, ila anaelewa polepole. Akipewa maelekezo matatu kwa mpigo, la tatu limeshapotea. Mpe moja moja, yaandikwe ubaoni. Badala ya maswali 20 mpe 8 tu yanayogusa kila aina. Mpunguzie kunakili, apige picha daftari la mwenzake. Mwalimu akikuambia “siku hizi amekuwa mvivu,” usimkasirikie mwalimu wala mtoto. Nenda naye kliniki ukaeleze neno hilo.

Kurudia darasa au kuendelea

Shule ilipendekeza arudie darasa la tatu. Sikukubali mara moja. Mwalimu alimpa majaribio mafupi ya masomo makuu, tukaona Kiswahili yuko sawa, Hisabati amekosa mada nne. Tukaamua aendelee na wenzake darasa la nne, na mada zile azifanye jioni tatu kwa wiki kwa muhula mmoja. Kilichoniamulia ni ile barua ya begi kwenye dawati. Lakini namfahamu mama mwingine ambaye binti yake alirudia mwaka kwa hiari, akachanua, kwa kuwa alikosa mwaka mzima na alichoka kukimbiza. Mtoto aulizwe, majaribio yafanyike, kisha wazazi waamue. Kigezo kisiwe urefu wa ugonjwa peke yake.

Siku za kliniki zitaendelea kumkosesha masomo. Mwanzoni mwa muhula mpe mwalimu tarehe zote, aziandike kwenye daftari la mahudhurio kwa kalamu ya bluu.

Kuelekea sekondari

Kama amepangiwa bweni na bado yuko kwenye dawa, fikiri mara mbili na uombe kutwa ikiwezekana. Akienda, vidonge akabidhiwe matroni au patroni kwa maandishi, na jambo hili lipigiwe mstari: merkaptopurini ni ya kila siku, methotrekseti ya vidonge ni siku moja tu kwa wiki. Kuinywa methotrekseti kila siku kwa makosa kunaweza kumuua. Itaje siku yenyewe kwa jina, Jumapili au Jumatano.

Akiwa amemaliza dawa, omba hospitali ikupe muhtasari wa matibabu: dawa alizopata, jumla ya dozi, mionzi na sehemu ilipopigwa. Baadhi ya athari za moyo, masikio na ukuaji huangaliwa miaka mingi baadaye, na daktari atakayemwona akiwa mtu mzima ataihitaji karatasi hiyo.

Shule mpya haimjui, na sasa ni yeye anayechagua nani aambiwe. Wa lazima ni mkuu wa shule na matroni au patroni. Wengine ni hiari yake. Mwanangu alipokuwa anajiandaa kwa kidato cha kwanza nilimwandikia barua mpya ya kumpelekea mkuu wa shule, nikaifananisha na ile ya zamani. Aliisoma yote kimya, akaniomba kalamu, akapiga mstari juu ya sentensi ya kutocheza mpira. Daktari alikuwa amemruhusu tangu mwaka uliotangulia.

Nikaiandika upya.